Kabla ya Injini, Uliza Uzito

Mtu akiniuliza anunue pikapu gani, huwa simtajii jina la gari. Namuuliza maswali mawili: nani atakaa kiti cha nyuma, na siku gari likijaa kabisa litakuwa limebeba nini? Wengi hunyamaza kidogo, kisha wanarudi kwenye habari za injini. Ina turbo? Ina nguvu farasi ngapi? Inapita kwenye tope? Hayo yana nafasi yake. Lakini kwa mtu anayetaka gari moja lipeleke watoto shule asubuhi, libebe vifaa vya kazi mchana na liende kambini mwisho wa wiki, injini karibu zote za siku hizi zinatosha. Kinachowahi kuisha ni uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba, na nafasi ya binadamu kukaa.

Mimi ni seremala. Nina mke, watoto wawili wadogo, na mama yangu mzazi ambaye husafiri nasi mara nyingi. Watu watano, viti vitano, na nyuma yao mbao, misumeno, hema na maji. Tulipokuwa tunatafuta gari nilitembea na futi mfukoni na daftari la hesabu, na ninayoyaandika hapa yametoka humo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Kwenye nguzo ya mlango, au chini ya boneti, kila pikapu ina kibati kidogo au stika yenye namba. Kwenye magari mengi utakuta namba nne zimepangwa kutoka mstari wa juu kwenda wa chini: ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na kila kitu ndani yake, ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na tela, ya tatu ni uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli ya mbele, ya nne, ekseli ya nyuma. Magari yanayouzwa Marekani yana stika mlangoni kwa dereva inayotaja moja kwa moja uzito wa watu na mizigo kwa pamoja ambao haupaswi kuzidishwa. Soma hiyo ya gari lenyewe unalotaka kununua, si ya tangazo. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kupishana kwa kilo nyingi, kwa sababu moja lina rimu kubwa, viti vya umeme na mapambo ya chuma, na lingine halina.

Sasa chukua pikapu ya wastani ya dabo kebini, yaani ya milango minne. Tuseme uzito wake wa juu ni kilo 3,050, na likiwa tupu lina kilo 2,100. Limebaki na kilo 950. Mtu akisikia karibu tani nzima anaona ni mzigo usioisha. Haya, tupakie. Mimi kilo 80, mke wangu 70, mama 65, watoto 30 na 20, viti vyao viwili kilo 20. Hapo zimeshaondoka 285, na bodi ya nyuma bado iko tupu. Kanopi, yaani kifuniko kigumu cha bodi, kilo 70. Bampa ya chuma ya mbele 50. Ndoano ya kuvutia tela 25. Hema la juu ya gari 65, na fremu inayolibeba 25. Jumla 235. Halafu vitu vya kambi: lita 60 za maji ni kilo 60, friji ikiwa imejaa ni 45, betri na boksi lake 30, na meza, viti, nguo, mtungi wa gesi na vyakula ukivihesabu kwa huruma ni 150. Hizo ni 285 nyingine. Ukitoa zote kwenye ile 950, umebakiwa na kilo 145. Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inaingia. Wa tatu umezidisha. Na vifaa vyangu vya useremala bado viko chini.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye pikapu kibaba hujaa kabla jicho halijaona. Huo uzito ni kama mshahara mmoja unaolisha nyumba nzima: kilo aliyokula mtoto hailiwi tena na msumeno.

Jambo jingine la kuangalia ni kile kiwanda kinachokiita gari tupu. Kwa utaratibu wa Ulaya, uzito wa gari lililo tayari kwa safari huhesabiwa likiwa na dereva wa kilo 75 na mafuta asilimia 90 ya tenki. Sehemu nyingine dereva hahesabiwi. Kwa hiyo ukilinganisha magari mawili kwa karatasi, hakikisha zote mbili zinahesabu kitu kimoja. Njia ya uhakika kuliko zote ni mizani ya magari makubwa. Panga gari na familia yako na mzigo wako, pima, kisha pima tena ekseli ya nyuma peke yake.

Nasema ekseli ya nyuma kwa sababu uzito kuwa ndani ya kiwango hakutoshi. Unakaa wapi ndilo swali. Kwenye dabo kebini, sehemu kubwa ya bodi iko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Mzigo ulio nyuma ya ekseli unafanya kazi ya wenzo. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli ni mita 3, na ndoano ya tela iko mita 1.2 nyuma ya ekseli. Tela likiiweka ndoano hiyo kilo 200, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 80, na ekseli ya nyuma inabeba 280, si 200. Mbele pakiwa pepesi, usukani unalegea na breki za mbele, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, hazishiki barabara vizuri. Nyuma pakizidiwa, chesisi inachoka. Kuna pikapu zilizopinda chesisi nyuma ya kebini kwa sababu ya mzigo uliorundikwa mkiani, tela zito, na mashimo yaliyopigwa kwa mwendo wa kasi. Kuongeza springi nzito au mifuko ya hewa ya kusaidia springi kunainua mkia wa gari lionekane limenyooka, lakini namba ya kwenye kibati haibadiliki.

Wauzaji hupenda kutaja kilo 3,500 za kuvuta. Ni kweli, pikapu nyingi za wastani, kama Ford Ranger, Isuzu D-Max na Toyota Hilux za karibuni, zimewahi kuandikiwa uwezo huo kwa tela lenye breki zake. Ila rudi kwenye ile namba ya pili ya kibati. Ikiwa gari na tela kwa pamoja ni kilo 5,950, na gari lako limeshajaa hadi 3,050, tela linabaki na 2,900. Uzito unaoegemea kwenye ndoano, ambao mara nyingi hupangwa kuwa karibu asilimia 10 ya uzito wa tela, unatoka kwenye mgawo wa gari. Tela la tani mbili ni kilo 200 nyuma ya gari. Tulibakiwa na 145.

Hesabu hizi hazimkatazi mtu kununua pikapu. Kwangu zilionyesha nini cha kuacha. Niliacha bampa ya chuma. Niliacha hema la juu. Kwa kuviacha hivyo viwili na fremu yake nilirudishiwa kilo 140, sawa na boksi zima la zana.

Tuje kwenye kiti cha nyuma.

Kebini ni za aina tatu. Singo kebini ina bodi ndefu, kama mita 2.3, na ndiyo inayobeba zaidi, lakini familia haina mahali. Ile ya katikati, yenye kijisehemu nyuma ya viti vya mbele, ina bodi ya mita 1.8 hivi na viti vya nyuma vya kukaa mtu mzima kwa dharura tu. Dabo kebini ina milango minne na bodi ya kama mita 1.5. Mwenye watoto wanaokaa kwenye viti vyao maalumu asijidanganye na ile ya katikati. Kumfunga mtoto mkanda ukiwa umejikunja mlangoni, mvua inakunyeshea mgongoni, ni jambo la kila asubuhi.

Hata hivyo dabo kebini zote si sawa. Ukuta wa nyuma wa kebini umesimama wima, kwa hiyo egemeo la kiti nalo limesimama wima. Mtu mzima anachoka kiunoni. Mtoto akilala, kichwa kinamwangukia kifuani. Usilipime hilo kwa kukaa dakika mbili dukani. Beba viti vya watoto wako mwenyewe, uvifunge. Angalia kama gari lina vishikio vya ISOFIX, vile vya chuma vya kubania kiti cha mtoto, na viko wapi, maana mara nyingi nafasi ya katikati haina. Angalia mkanda wa juu wa kiti cha mtoto unafungwa wapi. Kwenye baadhi ya pikapu unapitishwa kwanza kwenye kitanzi nyuma ya egemeo ndipo ufike kwenye ndoano yake, na mtu asiyesoma kitabu cha gari anaufunga kwenye kitu kisichohusika.

Kwetu mama hawezi kukaa katikati ya viti viwili vya watoto. Anakaa mbele, na mke wangu anakaa katikati nyuma. Kwa hiyo kila gari tulilolitazama lilipimwa na yeye. Tulifunga viti vya watoto pande zote mbili, akaingia, akajaribu kujifunga mkanda. Kwenye gari moja zuri sana kwa kutazama, kifungio cha mkanda wake kilizama chini ya ukingo wa kiti cha mtoto. Aliingiza vidole, akakigusa, lakini hakuweza kukichomekea. Alijaribu kumsukuma kando mtoto wetu mkubwa, kiti kizima kikasogea nusu inchi na kurudi. Tukashuka. Gari hilo kwetu lilikuwa la watu wanne, liandikwe vyovyote litakavyoandikwa.

Mama naye alikuwa na lake. Magoti yake hayapandi kitu cha juu. "Mwanangu, hapa napandaje?" aliniuliza, amesimama ubavuni mwa gari ameshika mlango. "Shika hapa, mama, weka mguu kwenye kibao." Lakini kishikio kilikuwa juu mno kwa mkono wake, na kibao cha kukanyagia kilikuwa chembamba, cha urembo. Kibao kipana chenye mikwaruzo ya kuzuia utelezi, na kishikio kwenye nguzo ambacho mkono mfupi unakifikia, ni vitu vidogo ambavyo kwa mzee ndiyo tofauti ya kusafiri na kubaki nyumbani. Ukiinua gari kwa springi ndefu na matairi makubwa, mkumbuke wa kupanda.

Urefu wa boneti nao ni suala la familia. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama wa magari, ilitoa utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kwamba magari yenye boneti iliyozidi inchi 40 kwenda juu, yaani mita moja hivi, yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kuua mtembea kwa miguu yanapomgonga kuliko magari yenye boneti fupi ya inchi 30 au chini yake, iliyolala. Ukikaa kwenye usukani wa pikapu kubwa, mtoto aliyesimama mbele ya bampa huwezi kumwona kabisa. Kamera ya nyuma ni lazima, na kwenye magari mapya ya Marekani imekuwa sheria tangu Mei 2018. Kama inapatikana, chukua na ya mbele. Na urefu wa gari: pikapu hizi za wastani zina mita 5.3 hivi, wakati nafasi nyingi za kuegesha zimechorwa kwa mita 5. Mkia utatokeza kila siku, kwa hiyo jaribu kuliegesha pale unapoegesha kila siku kabla ya kulilipia.

Upande wa kazi, mimi naangalia bodi kwa jicho la seremala. Shiti ya plaiwudi ni milimita 1,220 kwa 2,440. Kwenye pikapu nyingi za wastani, nafasi kati ya nundu za matairi ndani ya bodi ni kama mita 1.1, kwa hiyo shiti hailali sakafuni. Volkswagen Amarok tangu ilipotoka mwaka 2010 ilikuwa na upana wa zaidi ya milimita 1,220 hapo, na pikapu kubwa za Marekani kama Ford F-150 zinayo nafasi hiyo bila taabu. Lakini kama gari unalolipenda halina, si mwisho wa dunia. Mimi nilipima kimo cha nundu, nikakata mbao mbili za upana wa bodi, nikazisimamisha kwa ubavu, moja karibu na kebini na nyingine karibu na mlango wa bodi, zikawa usawa mmoja na nundu. Shiti zinalala juu ya mbao na nundu, tambarare, na chini yake pamebaki nafasi ya boksi za zana. Mlango wa bodi unabaki wazi, shiti zinatokeza karibu mita moja, kitambaa chekundu kinaning'inia mwishoni, na mikanda miwili ya kukazia imevuka juu.

Hiyo mikanda inategemea pete za kufungia. Vuta kila pete kwa mkono. Pete nzuri imefungwa kwa bolti kwenye chuma kinene, chini, kwenye pembe. Zikiwa juu ukingoni tu, mzigo mfupi haufungiki, maana mkanda unavuta kwa kulala badala ya kukandamiza.

Kuna mzigo mmoja unaodanganya kuliko yote, nao ni mchanga. Bodi ya dabo kebini ikijazwa hadi ukingoni inachukua karibu mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu wa ujazo huo una kama tani 1.6, na ukilowa unazidi hapo. Yaani mtu akijaza mchanga hadi ukingoni ameshazidisha uzito hata kabla hajapanda mwenyewe. Nusu bodi ndiyo mwisho, na hiyo nusu ipakiwe ikielekea kebini.

Springi zinaleta ubishi usiokwisha. Pikapu nyingi zina ekseli ngumu nyuma na springi za vyuma bapa vilivyolaliana. Zinavumilia mzigo na fundi yeyote anazijua, lakini gari likiwa tupu linarukaruka kwenye rafu rodi, na abiria wa nyuma wanarushwa juu na chini. Ram 1500 ilihamia springi za koili nyuma tangu toleo la 2009, na Nissan Navara ya dabo kebini ya kizazi cha 2014 ikafuata njia hiyo. Zinatembea kwa upole zaidi. Maoni yangu: kama siku nyingi za wiki gari linabeba watoto na zana chache, upole una thamani kuliko tani ya kwenye karatasi. Kama kila siku linabeba saruji, chukua za vyuma bapa na usijutie. Lakini jaribu gari lote kwa hali zote mbili, tupu na likiwa na mzigo, maana muuzaji atakupa tupu tu.

Tairi zina namba yake ya uzito ubavuni, na watu hununua kwa sura ya meno tu. Tairi iliyoandikwa 112 inabeba kilo 1,120. Ya 121 inabeba 1,450. Usiweke ya chini kuliko kitabu cha gari kinavyotaka. Na upepo wa gari tupu si upepo wa gari lililojaa. Stika mlangoni mara nyingi inataja vyote viwili.

Injini nitazipitia haraka. Dizeli inavuta vizuri na inakwenda mbali kwa tenki moja. Ila dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, kazi inayohitaji gari litembee mwendo wa kutosha bila kusimamasimama. Familia ambayo gari lake linakwenda shuleni kilomita tatu, linarudi, linazimwa, linawashwa tena, inakitesa kichujio hicho. Mwenye maisha ya namna hiyo aifikirie petroli au mseto wa petroli na umeme kwa moyo mweupe.

Fowili, yaani magurudumu yote manne kusukuma gari, nayo ieleweke. Pikapu nyingi zina ile ya kuchomeka unapoihitaji, isiyo na difu ya katikati, gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiichomeka kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanakwenda umbali tofauti lakini yamelazimishwa kuzunguka sawa. Usukani unakuwa mzito, matairi yanakwaruza, na difu zinaumia. Ni ya tope, mchanga na mawe. Mitsubishi Triton zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati, kwa hiyo unaweza kutembea nayo hata lamini, na kwa pikapu tupu kwenye lami yenye maji hiyo ni faraja kubwa, kwa sababu mkia mwepesi huteleza mapema. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya fowili na gari lenye udhibiti wa kielektroniki wa kuteleza pamoja na mifuko ya hewa ya kukinga abiria kwenye ajali hadi kiti cha nyuma, mimi nachukua usalama wa nyuma. Kambi nyingi za familia zinafikika kwa magurudumu mawili, difu ya nyuma yenye kufunga, na tairi zilizopunguzwa upepo kidogo kwenye mchanga.

Na sasa kambi.

Kanopi ndiyo inayoigeuza pikapu kuwa chombo cha safari. Lakini vumbi litakusumbua. Gari linapotembea, nyuma yake kunakuwa na hewa nyepesi inayovuta vumbi ndani kupitia nyufa za mlango wa bodi. Mpira wa kuziba unasaidia nusu. Nusu ya pili ni kitundu cha hewa mbele ya paa la kanopi, kinachoingiza hewa ili ndani pawe na msukumo wa kutoa badala ya kuvuta. Hewa hiyohiyo inayovuta vumbi inaweza kuvuta moshi wa ekzosi. Ndiyo sababu hakuna mtu anayepaswa kupanda kwenye kanopi gari likitembea, hata kwa umbali mfupi, hata watoto wakilia kwamba wanataka. Hakuna mikanda huko, na gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kwa sababu hiyohiyo jiko halikai ndani ya kanopi wala ndani ya hema, hata mvua ikinyesha.

Hema la juu ya gari linapendeza, nalielewa pendo hilo. Swali la kuuliza ni namba ya paa. Kiwanda hutoa kiwango cha uzito wa juu ya paa gari likitembea, na kwenye pikapu nyingi kiko kati ya kilo 75 na 100 pamoja na fremu yenyewe. Hema la kilo 65 na fremu ya 25 vinafika 90. Gari likiwa limesimama paa linabeba zaidi, kwa hiyo watu wanne kulala si tatizo kama fremu ni nzuri. Tatizo ni kona na mashimo njiani. Ukilitaka, liweke juu ya bodi kwenye fremu ya chini, usawa wa kebini, uzito ushuke. Lakini kwa wenye watoto wadogo naona hema la chini ni bora. Mtoto akitaka kutoka usiku hashuki ngazi gizani. Na ukihitaji kwenda kuchota maji au kumpeleka mtu hospitali, huhitaji kukunja nyumba nzima ndipo gari liondoke.

Umeme nao una uzito wake. Friji ndogo ya volti 12 hula amperisaa (kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) 30 hadi 40 kwa siku, na joto likizidi inazidi hapo. Betri ya risasi ya amperisaa 100 haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo inakupa siku moja na kidogo, nayo ina karibu kilo 30. Ya lithiamu ya kiasi hicho ina kilo 12 hivi na unaweza kuitumia karibu yote. Ni ghali, lakini hapa unanunua kilo pia.

Wapo ambao baada ya hesabu hizi watagundua kwamba hawahitaji pikapu yenye chesisi kabisa. Honda Ridgeline na Ford Maverick zimejengwa kwa mwili mmoja na fremu yake, zinakaa barabarani kama gari dogo, na Maverick ina mita 5.07 tu kwa urefu huku ikibeba hadi kilo 680. Kwa familia yenye mzigo mwepesi wa kazi na kambi za kwenye njia nzuri, ningeichagua hiyo bila kusita. Mimi mbao zangu na njia tunazopita zilinizuia.

Tulichochukua mwishowe ni dabo kebini ya wastani, ya daraja la chini kwa mapambo. Rimu za inchi 17, viti vya kitambaa, hakuna paa la kioo. Ikawa na kilo nyingi za kubeba kuliko ndugu yake wa daraja la juu aliyesimama pembeni yake, na kiti cha nyuma ambacho mke wangu anajifunga mkanda bila kumwita mtu. Kibao cha kupandia tulikibadilisha siku zile zile; mama anapanda mwenyewe. Kanopi tuliichagua nyepesi, inayofunguka ubavuni ili nifikie zana bila kutambaa.

Ilikuwa imetumika, kwa hiyo nililala chini kabla ya kulipa. Nilitazama uwazi kati ya kebini na bodi, pande zote mbili, kutoka juu hadi chini. Uwazi ukiwa mpana juu na mwembamba chini, bodi imelalia nyuma na huenda chesisi imepinda. Nilipitisha kidole kwenye chesisi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapofungwa, kutafuta ufa, kuchomelea kulikopakwa rangi mpya, au kutu inayobanduka. Nilihesabu vyuma vya springi kulia na kushoto nione kama vinalingana. Nilishusha mlango wa bodi nikaukalia. Kisha tukaenda mizanini, sote watano, na zana zangu nyuma, na mwenye gari akakubali kuja nasi. Mbao nyingi kuliko hapo zinaletwa na lori.